Nguvu ya Soda

Sidhani kama kuna Mtanzania asiyeujua msemo huu: nguvu ya soda. Fungua chupa, inafoka, inachuruzika hadi mezani, kila mtu anarudi nyuma asilowe. Rudi baada ya dakika kumi, ni maji matamu tu. Tunautumia kwa wanasiasa, kwa wachumba, kwa timu ya mpira inayoshambulia dakika ishirini za kwanza halafu inarudi yote golini kama imeona simba. Mimi nautumia kwa maana yake ya mwilini kabisa, kwa sababu mchezo ninaoucheza unamfichua mwenye nguvu hiyo mapema kuliko siasa na uchumba.

Mchezo wenyewe ni jiu jitsu. Kwa asiyeujua, ni aina ya mieleka. Hakuna ngumi, hakuna teke. Mnakamatana, mnaangushana, halafu kazi kubwa inafanyika chini, ambako unaitafuta shingo ya mwenzako umkabe au kiungo umpinde mpaka agonge mkono kukubali yaishe. Ulitoka Japani, ukafika Brazili na mcheza judo aitwaye Mitsuyo Maeda aliyetua huko mwaka 1914, ukoo wa Gracie ukaupokea na kuufanya wao. Dunia iliufahamu vizuri tarehe 12 Novemba 1993 mjini Denver, Royce Gracie, kijana mwembamba wa kilo themanini hivi, alipowashinda watu watatu usiku mmoja katika UFC ya kwanza. Denver wanajisifu sana kwamba mji wao uko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Sisi Sumbawanga tuko kama 1,800 na hatujaiandika kwenye fulana yoyote.

Kwenye mashindano ya watu wazima mkanda mweupe anacheza dakika 5, wa bluu 6, wa zambarau 7, wa kahawia 8, mweusi 10. Ukizisoma namba hizo umekaa kwenye kiti unaona ni utani. Dakika tano hata maji ya chai hayajachemka. Lakini mweke mtu wa kilo tisini akulalie kifuani, bega lake limekusukuma taya upande, na mikono yako yote miwili inahangaika kumzuia asiifikie shingo. Hapo ndipo utajua dakika ina sekunde ngapi. Nimeona wanaume wanaobeba gunia la mahindi kama mto wa kulalia wakigonga mkono bila kukabwa na mtu. Hewa imekwisha, basi.

Ninapotaja klabu yetu naomba usifikirie vioo na viyoyozi. Mchezo huu niliujifunza Dar es Salaam, nilikofanya kazi miaka sita. Mwaka juzi nilirudi nyumbani Sumbawanga kwa sababu ya kifamilia ambayo nitaifikia. Mikeka haikuwepo, wachezaji hawakuwepo. Tulishona maturubai, tukayajaza pumba za mpunga kutoka mashineni (mpunga wenyewe unapanda kutoka Muze na vijiji vingine vya bonde la Ziwa Rukwa), tukayatandika kwenye stoo ya fundi seremala mmoja aliyekuwa tayari kujaribu. Ukiangushwa vizuri vumbi la pumba linafumuka na unapiga chafya kabla ya kuanza kujitetea. Tuko wanne: mimi, huyo fundi, mwalimu wa baiolojia wa sekondari, na kijana wa bodaboda. Marafiki zangu wa Dar nikiwaambia ninafanya mazoezi Sumbawanga, lazima mmoja aulize kama wapinzani wangu wanatumia radi. Wenyeji husema jina la mji wetu ni agizo la kutupa uchawi, lakini nani anasikiliza.

Kijana wa bodaboda ana miaka ishirini na tatu na kifua kama mlango wa benki. Anajifua kwa vyuma vya kujitengenezea: bomba na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Fundi ana arobaini na saba, mwembamba, na hajawahi kukimbia popote isipokuwa kuikimbia mvua. Siku walipopambana raundi yao ya kwanza ya dakika sita, yeyote ambaye angepita mlangoni angeweka pesa yake kwa kijana.

Kwa sekunde tisini pesa hiyo ingekuwa salama. Kijana alimbeba fundi, akamshusha, akamgandamiza, akavuta shingo, akavuta mkono, akarudi kwenye shingo. Dakika ya pili mdomo wake ukawa wazi. Ya tatu mikono ikafa, vidole vikakataa kufunga. Fundi hakuwa amefanya lolote la maana zaidi ya kubaki hai. Dakika ya nne akageuka taratibu kama mtu anayegeuza ubao aangalie upande wa pili, akampanda mgongoni, akapitisha mkono shingoni. Kijana akagonga. Fundi akainuka na kuniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tunaweza kuzima ile taa ya nje maana luku inakaribia kuisha.

"Mzee, unatumia nini?" Kijana alikuwa amelala chali, kila neno linatoka na pumzi yake peke yake.

"Jembe, mwanangu."

Ana shamba nje kidogo ya mji, na bado analima kama walivyolima wazee wake. Wafipa wana kilimo chao cha matuta ya duara, intumba. Nyasi zinakatwa mvua zikiwa bado zinanyesha, zinafukiwa chini ya udongo zioze, na msimu unaofuata tuta lile ndilo mbolea. Ni kazi ya saa nne, tano kwa siku, wiki baada ya wiki. Hakuna anayepiga matuta kwa kasi. Ukimwona mtu anapiga kwa kasi, ujue ni mgeni au amegombana na mke wake, na kwa vyovyote saa nne asubuhi atakuwa amekaa kivulini.

Mwalimu wetu wa baiolojia ndiye aliyetueleza kilichotokea, na alitumia chaki kwenye ukuta wa stoo. Msuli, alisema, una njia tatu za kupata nishati. Ya kwanza iko tayari muda wote, inatoa nguvu kali kabisa, inakwisha kwa sekunde kama kumi. Ya pili inachoma sukari bila kuisubiri oksijeni. Hiyo inakupa dakika moja, labda mbili za ushujaa, na inauacha msuli na ukali unaouhisi kama moto. Ya tatu inatumia oksijeni. Ni ya polepole, haina mbwembwe, lakini inaweza kwenda saa nzima, na kazi yake kubwa ambayo watu hawaijui ni kuzijaza upya zile mbili za mwanzo. Kila unapopata sekunde kumi za kutulia katikati ya raundi, ni hiyo ya tatu inayokurudishia ulichokitumia. Mwenye njia ya tatu pana anatulia sekunde kumi akaamka mpya. Mwenye nyembamba anatulia sekunde kumi akaamka vilevile, na ya pili yake, na ya tatu yake. Tena akatutoa ile imani ya shuleni kwamba laktiki ni sumu ya uchovu. Misuli iliyozoea kutumia oksijeni inaila kama chakula, hata moyo unaila.

Halafu kuna suala la mikono. Msuli uliokazwa bila kulegezwa unabana mishipa yake yenyewe ya damu. Damu haipiti, oksijeni haifiki, hata ungekuwa na mapafu ya farasi. Ndiyo maana mkimbiaji mzuri anaweza kuja mkekani akafa mikono dakika ya pili. Kijana alikuwa amelishika koti la fundi kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima.

Nikiwa naangalia chaki ile ukutani, mimi nilikumbuka chuma. Wasomaji wa hapa mmezoea vitabu, basi niwape kimoja: Contemplating the Fipa Ironworking cha Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu Mtanzania, kilichotoka mwaka 2010. Ufipa ilikuwa nchi ya wafua chuma, na njia yao ilikuwa na hatua mbili. Kwanza tanuri kubwa, ilungu, refu kama mita tatu, limejengwa kwa udongo wa kichuguu. Chini lina matundu yenye mirija ya udongo ya kuingizia hewa. Linajazwa kuni, mkaa na mawe yenye chuma, linawashwa, na hakuna anayelipulizia. Urefu wake ndio mvukuto wake. Hewa ya moto inapanda, inatokea juu, na inapopanda inaivuta hewa baridi iingie kwa chini. Linajivutia pumzi lenyewe, mchana na usiku, kwa siku kadhaa. Kinachotoka humo bado kina takataka nyingi, kwa hiyo kinapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo sasa ndipo wanaume wanakaa na mivukuto, wanapuliza kwa nguvu, kwa muda mfupi, mpaka kinasafika. Majembe ya viwandani yalipoenea kazi hiyo ilikufa. Ukienda Nkasi bado utakuta magofu ya malungu yamesimama katikati ya mashamba, na mavi ya chuma yamezagaa chini yake.

Nadhani unaona ninakokwenda. Sehemu nyingi nilizopita watu wanafundisha kintengwe peke yake. "Pumzi inakuja mkekani," makocha wanasema, na mazoezi ni kupigana mpaka utapike, kesho yake tena. Nusu ya maneno hayo ni kweli, kwa sababu hakuna mbio wala baiskeli inayofanana na kulaliwa na mtu. Ila mvukuto hauna maana kama hakuna chuma kilichotoka kwenye tanuri kubwa. Unapuliza majivu.

Tanuri kubwa linajengwa kwa kukimbia polepole, na polepole yenyewe ni ya kuudhi. Kipimo ni mdomo: ukimbie kwa mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima yenye kiima na kiarifu bila kukatika. Ukikatika, punguza. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi huku miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya sanaa ya Wafipa ya kuzungumza, kwa hiyo naona ni kipimo kilichotengenezwa kwa ajili yetu. Mimi na mwalimu tunakimbia siku tatu kwa wiki, dakika arobaini na tano, tukibishana juu ya Simba na Yanga. Ubishi ukikatika tunajua tumezidisha mwendo, au Yanga imefungwa.

Kinachofanyika mwilini wakati huo hakionekani, na ndiyo maana watu wanakikimbia. Moyo unajifunza kubeba damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo kabisa ya damu inaongezeka ndani ya msuli. Mitokondria, vile vijiko vidogo vya kuchomea chakula ndani ya seli, vinaongezeka pia. Ni kazi ya miezi. Nilikuwa nahesabu mapigo yangu kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Mwezi wa kwanza yalikuwa 68 kwa dakika. Mwezi wa sita, 57. Hakuna siku hata moja katikati ambayo nilijisikia nimebadilika.

Watu wa pwani wananiambia kuishi juu kunanisaidia. Kwa kiasi. Hewa ya Sumbawanga ina oksijeni asilimia 21 kama ya Dar, lakini mgandamizo wake ni kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo zaidi. Mwili unazoea, unatengeneza damu ya kutosha mahitaji yake. Lakini mtu anaweza kuishi uwandani huku maisha yake yote akiwa amekaa dukani, na akapanda ngazi za halmashauri akihema. Urefu wa nchi peke yake haumkimbizi mtu.

Mvukuto wenyewe tunautumia mara moja kwa wiki. Kuna mpango ambao watafiti wa Norwei wameuchunguza sana: dakika nne za kasi ambayo huwezi kusema zaidi ya maneno mawili, dakika tatu za kutembea, rudia mara nne. Sisi tunaufanyia kwenye mwinuko wa njia ya kuelekea msitu wa Mbizi. Na hapo ndipo heshima inakuisha. Ninapokuwa kwenye dakika zangu tatu za kutembea, nimeshika kiuno, akina mama wanashuka na mizigo ya kuni kichwani, shingo zimenyooka, wanaongea. Mmoja aliwahi kusimama kabisa, mzigo wake ukiwa kichwani. "Kaka, nani anakufukuza?" Nikamwambia hakuna. Akaangalia nyuma yangu barabara yote kuhakikisha.

Kila ninapoandika juu ya pumzi namkumbuka Filbert Bayi, mtu wa Karatu, nchi nyingine ya juu. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, mita 1,500. Bunduki inalia, Bayi anatoka mbele, na anabaki mbele mpaka mwisho: 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker aliyemfuata naye aliivunja rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Wengi wanaisimulia mbio ile kama ujasiri. Ulikuwepo, sawa. Lakini mtu mwenye nguvu ya soda akitoka mbele namna ile tunamkuta mzunguko wa tatu amesimama kando anafunga kamba za viatu.

Sasa ile sababu ya kifamilia. Ni mama.

Mama ana miaka sitini na sita. Hajawahi kuvuta sigara, na mapafu yake ni kama ya mtu aliyevuta pakiti kwa siku. Ni moshi. Mafiga matatu, kuni, mabua ya mahindi kuni zikiadimika, ndani ya jiko dogo lenye mlango mmoja, maana mwezi wa sita na wa saba baridi ya Sumbawanga haikuruhusu kupikia nje. Na juu ya chakula cha watoto watano kulikuwa na kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Mama alikuwa mpishi anayejulikana mtaa mzima. Ada yangu ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilitoka kwenye kimpumu. Nimewahi kukaa na kupiga hesabu ya mapipa kwa muhula, na kila pipa lilikuwa na siku yake nzima ya moshi. Hesabu hiyo sijamwonyesha.

Daktari alitueleza kwamba mirija yake ya hewa imekuwa myembamba na mapafu yamepoteza mvutano wake. Shida kubwa, alisema, iko kwenye kutoka. Hewa inaingia, haitoki yote, inabaki imenaswa mle ndani, na pumzi inayofuata inakuta nafasi imejaa. Hayatapona. Kuna dawa ya kuvuta kwa mdomo, kuna kukaa mbali na moshi (jiko la gesi lilifika nyumbani wiki ileile, na mama bado analalamika kwamba maharage ya gesi hayana ladha), na kuna kutembea. Hapo mama alinitazama kama vile daktari ametukana. Mtu hana pumzi, anaambiwa atembee!

Lakini aliyemfundisha mazoezi alikuwa dada mmoja mpole. Alikaa mbele yake magoti yakigusana, akamwambia: "Mama, vuta kwa pua. Sasa bana midomo kama unapuliza uji wa moto, toa taratibu. Kutoa kuchukue muda mara mbili ya kuvuta." Mama akatoa. "Usisukume. Iache iende yenyewe."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la pembeni, nikasikia, neno kwa neno, kitu nilichokuwa nikimlipa kocha Dar es Salaam anifundishe. Mgeni akilaliwa kifuani anafanya nini? Anavuta. Anavuta tena. Anavuta kwa juu juu, mabega yanapanda, anabana, anaizuia. Dakika moja baadaye kifua kimejaa hewa iliyokwisha kazi, na anaamini kabisa kwamba anakosa hewa wakati kinachokosekana ni nafasi. Kocha anapiga kelele, "Toa! Toa!" Ukitoa kwa urefu, mbavu zinashuka, mwili unalegea, hewa mpya inaingia yenyewe, na cha ajabu yule aliye juu yako anahisi umekuwa mwepesi na mgumu kushika. Desemba 1994, Royce Gracie alikaa chini ya Dan Severn, mtu aliyemzidi zaidi ya kilo thelathini, karibu dakika kumi na sita, akamkaba kwa miguu akiwa bado yuko chini. Pambano hilo linaudhi kwa jinsi lilivyo na matukio machache. Siku hizi nikiliangalia natazama kifua cha Gracie tu.

Lugha yetu ilishayajua haya. Pumua, pumzi, pumzika: ni familia moja, na pumu ni yule ndugu mgonjwa. Kupumzika ni kuipata pumzi. Ninapomwambia kijana wa bodaboda kwamba siri ni kupumzika ukiwa katikati ya vita anafikiri namletea methali, kumbe namsomea kamusi.

Yeye, kwa kweli, ndiye aliyeteseka zaidi. Vyuma hakuviacha, sikumwambia aviache. Kilichomuuma ni kukimbia polepole mbele ya watu wanaomfahamu. Anakimbia, baiskeli ya mzigo inampita, wenzake kijiweni wanampigia honi. "Kaka, hii ni aibu," aliniambia wiki ya pili. Wiki ya tano alianza kukimbia saa kumi na moja alfajiri, giza likiwepo, asionekane. Mwezi wa tano akamaliza raundi nzima ya dakika sita na fundi, mdomo umefungwa, anatoa pumzi puani kama ng'ombe wa kulimia. Alishindwa kwa pointi. Baadaye alikaa ukutani, akaviangalia viganja vyake, akavifunga na kuvifungua mara kadhaa.

Jioni natembea na mama. Kwa mazoezi yangu mimi matembezi hayo hayahesabiki. Tunatoka nyumbani kuelekea Uwanja wa Nelson Mandela, na njiani ana vituo vyake: duka la dawa, mkaratusi mkubwa, nyumba ya mama mmoja wa kwaya, kona ya mafundi viatu, geti la uwanja. Vituo vitano. Anasimama, anashika mkono wangu, anabana midomo, anapuliza uji. Tukiwa na bahati tunakutana na mtu wa kusalimiana naye kwa kirefu, maana mama hapendi watu wajue kwamba amesimama kwa ajili ya pumzi. Anapenda ionekane amesimama kwa ajili ya salamu. Kwa hiyo nawaita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Watu wanadhani nimerudi kutoka Dar na adabu nyingi.

Mwezi wa sita mwaka jana vituo vilikuwa vimebaki vitatu. Mwezi wa saba mafua ya kawaida, ya baridi, yalishuka kifuani, akalazwa siku sita akiwekewa oksijeni. Usiku wa pili nilikaa nikimhesabia pumzi. Nimezoea kuhesabu, sekunde za raundi, mapigo, mizunguko. Zilikuwa thelathini na mbili kwa dakika. Hakuna tanuri pale, kila pumzi ilikuwa inapulizwa kwa mikono. "Mama, toa kwanza," nikawa namwambia sikioni. "Toa kwanza." Aliporudi nyumbani vituo vilikuwa saba, tuliongeza viwili kabla hata ya duka la dawa.

Tumeanza upya. Daktari anasema mapafu hayaongezeki, kinachoongezeka ni miguu na moyo, vinajifunza kutumia vizuri zaidi kile kidogo kinachoingia. Ni maneno yaleyale ya mwalimu na chaki yake, isipokuwa kwetu sisi ni mchezo.

Mwezi ujao nakwenda Dar kucheza. Mashindano madogo, sina matumaini makubwa, nataka tu kuona tanuri linavuta vipi nikiwa chini pwani. Juzi jioni tukiwa tumesimama kwenye mkaratusi nilimweleza mama. Akauliza nitapigana muda gani. Nikamwambia kwa kundi la umri wangu, kwa mkanda wa bluu, ni dakika tano.

Akatoa pumzi mpaka ikaisha, bila haraka, ndipo akanijibu.

"Tano tu? Mimi leo nimeshatembea kumi na moja."

Kisha akasema nikirudi nimletee nazi mbili, za hapa sokoni zinafika zimeshachoka.